Aliyejibu Chini ya Jukwaa

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika ishirini na mbili asubuhi. Mkaguzi alikuwa na hakika na dakika hizo kwa sababu alikuwa ameshaziandika kwenye daftari kabla hajajua kwamba kuna jambo la kuandika.

Alikuwa katika wiki ya sita kazini. Alikuwa ametoka chuo kikuu na shahada ya usalama wa majengo, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu anayeumia ndani ya ukumbi ule mkubwa, ambao siku moja ulikuwa wa mpira wa kikapu, siku ya pili wa mahafali, na siku ya tatu wa muziki. Wiki tano za kwanza alizimaliza akikagua mitungi ya kuzimia moto na milango ya dharura. Ya sita ndiyo aliyopewa Droo.

Droo lilikuwa jina la wafanyakazi kwa jukwaa la mashariki, safu kumi na nne za viti zilizosukumwa na mota hadi ukutani, moja ikiingia chini ya nyingine, ili sakafu ibaki wazi. Likiwa limefunguliwa, chini yake palikuwa na pango la vyuma, giza tupu, hatua arobaini kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Humo watu walidondosha simu na watoto waliingia kujificha. Likifungwa, lilibana chochote lilichokikuta.

Kwa hiyo palikuwa na utaratibu. Mtu mmoja aliingia na tochi upande wa kusini, akapita chini ya viti vyote, akatokea kaskazini. Mwendesha mota, akiwa mbele kwenye kisanduku cha swichi, alipaza sauti, "Kuna mtu?" Yule wa chini, akishatazama kila kona, alijibu, "Hakuna." Hapo ndipo kitufe kilipobonyezwa.

Mwendesha mota aliitwa Kidole. Mwenyewe alipenda kusema kwamba aliajiriwa kidole kimoja tu, vile tisa vingine alikuja navyo kutembea. Aliyepita chini alikuwa Mjomba. Ukumbi mzima ulimwita hivyo, ila kwa Mkaguzi alikuwa mjomba wa kweli, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minane na ambaye hadi leo walikaa naye nyumba moja, wao wawili. Miaka kumi na moja ya spika za matamasha ilikuwa imeliua sikio lake la kushoto, na la kulia lilisikia kwa shida. Mtu akimsemesha kawaida, alikunja uso na kusema, "Sema kwa nguvu, mama, sikusikii," hata kama aliyekuwa anasema ni meneja mwenye ndevu.

Jumanne ile, Kidole aliita. "Kuna mtu?"

"Hakuna," ilijibu sauti ya Mjomba kutoka chini ya viti, kama katikati hivi.

Mkaguzi aliandika: 4:22, hakuna. Kisha akainua macho, akamwona Mjomba anaingia kwa mlango wa magharibi, upande wa pili kabisa wa ukumbi, chupa ya chai mkononi.

"Ngoja," alisema.

Kidole cha mwendesha mota kilikuwa kimeshagusa kitufe. "Nini tena, Madam Dakika?"

"Nani amejibu?"

"Si ni Mjomba?"

"Mjomba yule pale."

Kidole alitazama. Alitumia muda mrefu kuliko unaohitajika kumtambua mtu unayefanya naye kazi kila siku. "Basi mwangwi," alisema. "Ukumbi huu una mwangwi wa ajabu, dada. Juzi nilipiga chafya hapa, nikaambiwa pole."

"Mwangwi unarudisha ulichosema. Wewe umesema kuna mtu. Hukusema hakuna."

"Kumbe chuoni wanafundisha na mwangwi."

Mkaguzi alikwenda mwenyewe kwenye mdomo wa kusini, akainama, akamulika. Vyuma, vumbi, kopo la soda. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, utambi ukiwa bado unatoa moshi, na katika ukumbi ule hakuna aliyekuwa amewasha mshumaa. Mjomba alimpita bila kumtazama usoni, akaingia na tochi yake, akapita hatua zote arobaini, akatoka. Dakika nne. Jukwaa likafungwa vizuri, na kila mtu akaenda zake.

Jioni, nyumbani, alimuuliza mjomba wake kama amesikia chochote. Mjomba alicheka kidogo. "Mimi? Nisikie?"

Mkaguzi hakuamini mwangwi. Aliamini simu. Alipolala alishaipanga picha yote: Kidole amerekodi sauti ya Mjomba kwenye simu, ameificha chini ya viti na spika ndogo, wanaokoa dakika nne kila siku na kunywa chai. Tena aliona aibu, kwa sababu katika picha ile mjomba wake alikuwa mshirika. Jumatano alipekua chini ya viti mguu kwa mguu, akitumia kioo cha mkononi kutazama juu ya maungio. Hakupata simu wala spika. Alipotoka, Kidole alikuwa amesimama mikono kifuani.

"Unatafuta cha kumfukuzisha mzee kazi," alisema taratibu. "Amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Amekusomesha kwa miguu yake hii ya kupita chini ya viti. Halafu unakuja na daftari."

"Natafuta aliyejibu."

"Na mimi naanza kujiuliza kama aliyejibu si wewe. Kwa nini haikuwahi kutokea kabla hujaja?"

Swali hilo ndilo lililomkosesha usingizi siku ile.

Alhamisi, saa nane na dakika tano mchana, alijificha nyuma ya nguzo ya kusini kabla ya kazi kuanza. Alimwona Mjomba akija. Alimwona akigeuza kreti, akaketi juu yake hatua tatu nje ya mdomo wa pango, akamimina chai. Hakuingia. Tochi ilikuwa mfukoni.

"Kuna mtu?" Kidole aliita kutoka mbele.

Midomo ya Mjomba ilikuwa kwenye kikombe.

"Hakuna," ilisema sauti yake kutoka gizani, shwari, yenye uchovu kidogo, kama ya mtu anayeijua kazi yake.

Mota iliguna. Na katika mguno huo Mkaguzi alisikia kitu kingine, ndoo ya plastiki ikiburuzwa kwenye saruji, humo ndani.

Alipiga kelele mpaka koo likamuuma. Jukwaa lilisimama baada ya kuingia kama urefu wa mkono. Kutoka upande wa kaskazini, akitambaa, nywele zimejaa vumbi, alitoka mfagiaji wa zamu ya mchana, mama wa watoto wanne, ndoo yake ikiwa imepasuka.

"Nilijibu," alikuwa akisema, meno yakigongana. "Mlipoita nilisema nipo. Nilisema mara mbili. Kuna mtu kanifunika mdomo. Mkono mkavu, kama gome. Akajibu yeye."

Mkaguzi alimgeukia mjomba wake. Kikombe kilikuwa kimeanguka. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Miaka mitatu," alisema Mjomba, kwa sauti ya chini ambayo mwenyewe asingeweza kuisikia. "Miaka mitatu haijawahi kudanganya."

Alimweleza yote usiku ule mezani, akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mwanzoni alikuwa anaingia kila siku. Kisha magoti yakaanza kumsumbua, na hakukuwa na mtu chini, hakukuwahi kuwa na mtu, akaanza kukaa mlangoni na kujibu kutoka hapo. Hakuna, hakuna, hakuna, mwaka mzima, bila kutazama. Halafu siku moja alisinzia kwenye kreti. Kidole akaita, naye akazinduka kutokana na mtetemo wa mota: jukwaa lilikuwa linafungwa. Mtu alikuwa amemjibia.

"Niliogopa siku mbili," alisema. "Ya tatu nikaona, mbona kazi inakwenda. Kukiwa na kitu chini, ilinyamaza. Mara mbili ilinyamaza, nikaingia, nikakuta watoto. Nikasema basi, huyu ni mwenzangu. Nilikuwa namwachia chai."

"Chai, mjomba?"

"Ilikuwa inaisha."

Mkaguzi alitazama daftari lake. Taarifa ilikuwa ndefu, yenye saa na dakika, na jina la mjomba wake lilikuwa katika kila mstari. Akiipeleka, mzee anatimuliwa. Asipoipeleka, siku moja Droo itafungwa juu ya mtu.

"Nipe mpaka Jumamosi," alisema Mjomba. "Jumamosi ndiyo tunalifunga tena, kwa tamasha la Jumapili."

Ni Kidole aliyemleta mganga, baada ya kumwomba radhi Mkaguzi kwa njia yake. "Nilijua haingii," alisema. "Nilidhani anajibu kutoka mlangoni. Sasa nina mtu wa kutusaidia, ila usicheke." Mtu mwenyewe alikuwa mama mkwe wake. Alifika Jumamosi saa tisa alasiri, mwanamke mfupi mwenye raba nyeupe na mkoba mweusi, na jambo la kwanza aliloulizia lilikuwa choo. Mbele yake Kidole aligeuka mtu mwingine: alisema "ndiyo, mama" na "hapana, mama" akitazama sakafu, na mzaha wake wote ukamkauka.

Mganga alisimama kwenye mdomo wa kusini, akanusa. Kisha akawauliza maswali machache, makavu, kama ya karani.

"Jini hapendi nyumba ya mtu," alisema mwishowe. "Anapenda mahali palipoachwa. Ninyi kila siku mmesimama hapa mkatangaza hakuna mtu, na hamkuingia kutazama. Mlikuwa mnamkaribisha kwa kipaza sauti." Akamgeukia Mjomba na kupaza sauti. "Na wewe ukampa kazi yako na sauti yako, na chai juu. Miaka mitatu. Sasa hivi yeye anaona wewe ndiye unayemwigiza."

Mjomba aliinamisha kichwa.

"Utaingia mwenyewe. Hatua zote, bila haraka, utazame kila kona kama siku ya kwanza. Ukiitwa usiseme hakuna. Sema nipo. Akisikia mwenyewe amerudi, hana pa kukaa." Alinyunyiza maji ya waridi kwenye vyuma, akanong'ona maneno yake kwa muda mrefu, kisha akamvuta Mkaguzi pembeni. "Binti, wewe ndiye ushike ufunguo wa swichi, si huyu mkwe wangu. Utamjua mjomba wako akitoka?"

"Naijua sauti yake tangu nikiwa na miaka minane."

"Sauti ndiyo aliyoiba. Tafuta kingine."

Saa tisa na dakika arobaini Mjomba aliingia. Kabla ya kuinama alimshika Mkaguzi bega. "Unakumbuka nilichokufundisha wiki ya kwanza?"

"Likianza kufungwa nikiwa chini, nisikimbilie nje," alisema kwa nguvu, ili asikie. "Nikimbilie ukutani."

"Kuna nafasi ya futi moja na nusu, waliyowaachia mafundi umeme. Utasimama kama kitabu kwenye rafu, lakini utaishi." Akatabasamu, akaingia.

Mwanga wa tochi ulionekana kupitia mianya ya safu, ukienda polepole, ukisimama, ukienda tena, na Mkaguzi aliufuata kwa macho huku ufunguo ukimlowa jasho kiganjani, akihesabu miguu ya vyuma ambayo mwanga ulikuwa umeshaipita, saba, nane, tisa, mpaka ulipofika katikati, pale ambapo sauti ilizoea kujibu, ukatetemeka kama mtu amegongwa kiwiko, ukazimika. Harufu ya mshumaa ikawajia kwa nguvu mara moja, kisha ikaisha.

"Ita," mganga alimwambia mkwe wake.

"Kuna mtu?" Sauti ya Kidole ilikatika njiani.

"Nipo."

Na karibu wakati uleule Mjomba akatokea kaskazini, wima, tochi iliyozimwa mkononi. "Tayari," alisema. "Funga."

"Mjomba, umekimbia?" Kidole aliuliza chini kwa chini, akiwa na haya ya kuropoka mbele ya mama mkwe.

"Hofu, bwana," Mjomba alimjibu kutoka hatua ishirini, na wote wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Mganga alirudi kwenye mdomo wa pango, akanusa, akasema hakuna kitu humo sasa. Alimtazama Mjomba kitambo.

"Umesema nilivyokwambia?"

"Nimesema nipo, mama."

Mkaguzi aliandika: aliingia 9:40, alitoka 9:42. Aliona kwamba zilikuwa dakika mbili badala ya nne. Aliandika pembeni: hofu. Kisha akazungusha ufunguo, akabonyeza kitufe yeye mwenyewe. Safu ziliingiana moja baada ya nyingine, na zilipobaki tatu kulisikika mgongo wa chuma ukigongwa kwa ndani, mara tatu.

"Nati," alisema Kidole.

Akaandika na hiyo: 9:45, nati.

Nyumbani, saa moja na nusu jioni, Mkaguzi alikuwa jikoni, mlango umefungwa, akikoroga sufuria. "Chumvi nimeiweka wapi," alijisemea, kwa pumzi tu.

"Nyuma ya sukari," alisema Mjomba kutoka sebuleni.

Ilikuwa nyuma ya sukari.

Alifungua mlango, kijiko mkononi. Ndipo alipogundua kwamba redio, ambayo kila jioni jirani aliigongea ukuta kwa makelele yake, ilikuwa imewashwa kwa sauti ndogo mno kiasi kwamba yeye, mwenye masikio mazima, alikuwa haisikii. Mjomba alikuwa ameielekezea sikio lake la kushoto, akifuatilia taarifa ya habari.

Walikula. Alimuuliza kama magoti yanauma, akasema hayaumi. Alimuuliza kama haendi kulala, akasema, "Nenda wewe. Mimi nimezoea kukaa macho," na akasogeza kiti chake karibu na mlango wa mbele.

Kitandani, Mkaguzi alibishana na nafsi yake kama wakili na mwenzake, kwamba hofu huweza kumfungua mtu masikio, kwamba aliwahi kusoma mahali fulani kuhusu mshtuko na neva, kwamba mtu akikimbia hatua arobaini kwa dakika mbili si ajabu hata kama ana magoti mabovu, kwamba nati hugonga, nati hulegea na kugonga, ila nati haigongi mara tatu kwa nafasi sawa kisha ikanyamaza, na kila alipofika hapo harufu ya utambi uliozimwa ilipenya chini ya mlango na kulala naye juu ya mto.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri aliamka, akasimama nyuma ya mlango wa chumba chake. Aliweka mdomo karibu na mbao na kusema kwa sauti ambayo hata mwenyewe aliihisi tu kwenye midomo:

"Kuna mtu?"

"Hakuna," ilijibu sebule papo hapo.

Alitoka kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi, na hakuvivaa mpaka barabarani.

Mlinzi wa ukumbi alimfungulia saa kumi na mbili na dakika kumi. Ukumbi ulikuwa mweupe kwa mwanga wa madirisha ya juu, na Droo lilikuwa limefungwa, ukuta mmoja laini wa chuma na migongo ya viti. Pembeni, pale linapokutana na ukuta wa kweli, palikuwa na upenyo wa kupitisha vidole vinne. Alipiga magoti, akasogeza mdomo hapo.

"Kuna mtu?" alinong'ona.

Alihesabu hadi sitini. Hakuna aliyejibu.

Wiki nzima hakuna aliyeita chini ya viti vile asijibiwe. Alitoa ufunguo mfukoni, akaugonga kwenye chuma kwa nguvu zake zote, mara tatu, na kupaza sauti mpaka paa likarudisha: "Kuna mtu?"

Kulikuwa na mkwaruzo, mbali, kule ukutani. Kisha sauti iliyokauka, iliyopasuka, isiyofanana sana na ya mjomba wake.

"Sema kwa nguvu, mama. Sikusikii."

Alikuwa ameshafika kwenye kisanduku cha swichi, ufunguo uko ndani, mlango wa magharibi ulipofunguka nyuma yake. Nyayo zilivuka sakafu bila haraka, nyayo za mtu asiyeumwa magoti, na kifuniko cha chupa ya chai kikazungushwa.

"Hakuna mtu humo, mama," ilisema sauti nzuri, ya upole, aliyoijua tangu akiwa na miaka minane. "Twende nyumbani."

Hakugeuka. Alizungusha ufunguo, akabonyeza kitufe cha kufungua, na akakishikilia.